Wageni Wenye Kamera

Kosa la kwanza lilikuwa la usafi. Mbinya hakujua kwamba duniani kuna watu wanaokodi nyumba kwa sababu ni mbovu, na kama angeambiwa angecheka mpaka ashike ukuta. Alichojua ni kile alicholelewa nacho kule Mwala: mgeni akisema anakuja, unafagia. Akisema anakuja na kamera, basi hata dari inafagiwa.

Msichana aliyeikodi nyumba yake aliitwa Tiffany. Alikuwa amezunguka mtaa wa Tena akichungulia vyumba vya watu kama aliyepotelewa na paka, mpaka akafika kwenye ploti ya Irungu, akapanda ghorofa ya kwanza, akabisha kwa Mbinya. Aliposimama katikati ya sebule alishika kifua. Akatazama ukuta uliobambuka, akatazama kochi lililopasuka tumbo, sponji nje. "Ni hapa, Mama Kavindu," akasema. "Ni hapa kabisa." Akaeleza kwamba anatengeneza filamu, tena si ile ya matajiri wanaonuniana kando ya kidimbwi cha kuogelea. Yake ni ya watu wa kawaida, mume na mke na mwezi usioisha, na pesa zenyewe ni za mchango wa marafiki, kwa hivyo wasitarajie makubwa. Kile alichokiita kidogo kilitosha kumnyamazisha landlodi kwa miezi miwili. Mbinya alijikaza asimkumbatie.

Huo mwezi usioisha ulikuwa ukiishi nyumbani humo kama mpangaji wa nne. Kiema, mumewe, alikuwa fundi wa makochi. Kibanda chake kando ya barabara kilibomolewa pamoja na vya wenzake barabara ilipopanuliwa, na tangu hapo alikuwa akishona juani. Mvua ikinyesha, turubai linafunika kochi la mteja na yeye analoa. Mbinya naye alikuwa akiwapikia chapati na maharagwe wajenzi wa ghorofa moja hapo jirani. Ghorofa likaisha, wajenzi wakaenda zao, na waliohamia ndani wakaja na majiko yao. Binti yao Kavindu alikuwa darasani kwa hisani ya mwalimu mkuu, na hisani ya mwalimu mkuu ina mwisho wake.

Ndipo Mbinya akawa na siri. Kulikuwa na kazi ya kupika katika kambi ya wafanyakazi huko Doha, mkataba wa miaka miwili. Pasipoti ilikuwa tayari. Wakala, mama mmoja wa mjini aitwaye Nakhumicha, alikuwa akimpigia simu kila wiki kumuuliza kama ameamua. Siri hiyo waliijua wanawake wawili wa ploti. Mmoja ni Teresiah, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, ambaye aliambiwa ili aiombee. Wa pili ni Ruqiyo, Mama Hodo, mwenye duka chini ya ngazi. Huyo aliwahi kuishi kwa dada yake huko Ghuba, na alikuwa akimfundisha Mbinya maneno ya Kiarabu huku akimpimia mchele. Begi la safari, la mtumba, zipu imekufa, lilikuwa limefichwa nyuma ya magunia ya sukari ya Ruqiyo.

Asiyejua alikuwa mwenye mke. Mbinya alikuwa akingoja siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri ni ile ambayo mume ameamka na kazi. Lakini mume akiamka na kazi, ya nini tena kumwambia? Akibaki bila kazi, utamwambiaje? Basi akawa anazunguka hapo hapo, wiki baada ya wiki, huku akijifunza kuhesabu kwa Kiarabu.

*

Habari ya filamu hawakumwambia mtu. Irungu, mwenye ploti, angesikia kamera angedai fungu lake, na majirani wangeuliza kwa nini si kwao. Kwa hivyo Mbinya alipokwenda kuazima mapazia kwa Teresiah na kapeti kwa Ruqiyo, alisema wakwe zake wanakuja kutoka nyumbani. Wanawake wale walitazamana. Wakwe kuja ghafla, na mwanamke mwenyewe ana pasipoti uvunguni? Teresiah alimpa mapazia yake bora na kumwambia atawasha mshumaa.

Kiema naye alipandwa na wazimu wa wageni. Alinunua kopo la rangi ya krimu kwa mkopo, akapaka sebule yote, akamaliza hadi nyuma ya kabati ambako hakuna anayeona. Kisha akafanya jambo ambalo Mbinya alikuwa amemwomba tangu waoane: akalifunika upya kochi lao. Alikuwa na kitambaa cha mahameli, rangi ya damu ya mzee, kilichobaki kwa mteja aliyehama bila kuaga. Alikishona kwa mkono pale mashine iliposhindwa, akapiga vifungo, akatia mito zipu mpya. Alipomaliza alilizunguka kochi lile, akalipapasa mgongo. Mbinya alimwona, akaona jinsi mume wake anavyopendeza akiwa na kazi ya maana mkononi. Nusura amwambie ile siri. Akampa chai.

*

Tiffany alikuja asubuhi na kikundi chake, kila mmoja na begi mgongoni. Aliingia, akasimama. Ukuta ulikuwa ukinuka rangi. Mapazia ya Teresiah yalikuwa na mawaridi ya dhahabu, kapeti la Ruqiyo lilifunika sakafu mpaka chini ya meza, na lile kochi, jamani, lilikuwa limekaa pale kama bibi harusi, limevalishwa vitambaa vyeupe vya kufuma begani. Mbinya alisimama mlangoni pa jikoni na kilemba kipya, akingoja kusifiwa.

"Mama Kavindu," Tiffany akasema polepole, "ukuta uko wapi?"

"Si huu?"

"Ule wa zamani."

"Uko chini ya huu," Kiema akamjibu kwa fahari. "Hutauona tena."

Tiffany alikaa juu ya mkono wa kochi, akainuka upesi kana kwamba amekalia mgeni. Akaanza kueleza. Alikuwa na adabu, hilo Mbinya hakumnyima, na alichagua maneno kama mtu anayeokota vipande vya chupa. Alisema nyumba imependeza sana, imependeza kupita kiasi, na hapo ndipo penye shida. Hadithi yake ni ya watu waliobanwa, na mtu akiitazama nyumba hii ataona watu walio sawa.

"Lakini sisi tuko sawa," Kiema akasema.

Mbinya akatazama vidole vya miguu yake.

Kazi ya kuharibu ikaanza. Mapazia ya Teresiah yakashushwa, kapeti likakunjwa, na wale vijana wakachemsha majani ya chai na kuupaka ukuta, wakausugua kwa masizi ya jiko, wakausifu kila ulipozidi kuchafuka. Kijana mmoja alipoliendea kochi na wembe, Kiema akamshika mkono. Alisema hakuna mtu atakayelipasua kochi lake ila yeye. Tiffany akamwongezea pesa hapo hapo, kwenye simu, kwa ajili ya usumbufu. Kiema akachukua kisu chake cha kazi, akapiga magoti, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja kwa uangalifu, ili baadaye aurudishie.

"Pole, Baba Kavindu," Tiffany akasema. "Inafaa ionekane imepasuka. Imechakaa tu yenyewe."

Kiema akalipasua. Siku ile alilipwa zaidi kwa kuharibu kuliko alivyokuwa amelipwa mwezi mzima kwa kutengeneza, na simu ilipolia kuonyesha pesa zimeingia hakuitazama. Mbinya aliingia jikoni akapika chai ambayo hakuna aliyeiomba. Alikuwa na uchungu, na alimchukia yule msichana kwa muda wote ambao maji yalichukua kuchemka. Kisha akamwekea sukari kama wengine.

*

Katika filamu yenyewe, mume aliigizwa na Muriuki, kijana wa Buruburu mwenye heshima, aliyemwita Mbinya mathe na kumsalimu Kiema kwa "niaje mzae". Mke aliigizwa na Shiku, mwembamba, mpole, mwenye sauti ya tarumbeta. Siku hiyo walikuwa na kazi moja: kugombana. Mke anamwambia mume ameshindwa, mume anavunja sahani, mke anasema anarudi kwa mama yake. Ndio hivyo tu, lakini Tiffany aliutaka ugomvi ule kutoka kila pembe ya nyumba. Waliziba dirisha kwa blanketi jeusi, wakafunga mlango, wakaanza.

"Wewe ni mwanamume wa jina tu!" Shiku akapiga kelele.

"Basi toka! Mlango ndio ule!"

Sahani ikavunjika. Wakafagia, wakaanza tena. Sahani za kikundi zilipokwisha, wakaomba za Mbinya, akatoa zile zenye ufa. Yeye na Kiema walikuwa wameamriwa wasimame karibu na mlango wa jikoni, nyuma ya kamera, wasikohoe. Ilikuwa ajabu kusimama hivyo na mumeo, bega kwa bega, mkitazama watu wengine wakigombana nyumbani kwenu.

"Huyu mwanamke ana mdomo," Kiema akanong'ona walipopumzishwa. "Mimi ningemwacha aende."

Mbinya akamgeukia. "Ungemwacha?"

"Huyu wa filamu, nasema." Kisha, baada ya kufikiri, akaongeza kwamba mwanamume hawezi kumwambia mke wake nenda. Akienda, ni aende kwa akili yake mwenyewe.

Mbinya akafungua kinywa. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Tiffany akainua mkono, watu wakanyamaza, na Shiku akaanza tena kumtukana Muriuki.

Sasa, kuta za ploti zile zinajulikana. Hazikuambii nani anasema, zinakupa hasira peke yake. Kule nje, Teresiah alikuwa akianika nguo, akaona dirisha la Mbinya limezibwa mchana kweupe. Aliona asubuhi wageni wakipanda na mabegi, akahesabu: hao ndio wakwe. Akasikia sauti ya mwanamume ikisema toka, sauti ya mwanamke ikisema nitaenda, kisha chombo kikivunjika. Akasikia tena. Na tena. Chombo cha kwanza ni hasira, cha pili ni bahati mbaya, lakini mtu anayevunja sahani kila baada ya dakika chache atamaliza kabati kisha aingie kwa watu. Teresiah akaweka beseni chini, akachukua rozari, akashuka dukani kwa Ruqiyo. Kwa akili zao wawili walifika palipo wazi: Kiema amejua habari ya Doha, na ameita ukoo mzima kumhukumu mkewe.

Walipiga hodi wakiwa tayari wako ndani.

Mpiga picha, kwa mazoea ya kazi, aligeuza kamera kuelekea mlangoni. Teresiah hakumwona. Kulikuwa na giza, na macho yake yalikuwa yakimtafuta Kiema, akamkuta ameegemea mlango wa jikoni.

"Baba Kavindu, weka hasira chini," akasema. "Alikosea kukuficha, tumekubali. Lakini Doha si kaburi."

"Ni miaka miwili tu," Ruqiyo akadakia. "Wallahi itapita. Pasipoti ameshapata, kazi ni ya jikoni, si ya nyumba ya mtu. Hata begi liko kwangu. Mwache mke wako aende atafute."

Muriuki, aliyedhani Tiffany amewaleta wanawake hawa kimakusudi ili kumjaribu, akakunja uso vizuri sana. "Doha?" akanguruma. "Nani anaenda Doha?"

Ruqiyo akamtazama kutoka juu hadi chini. "Na wewe ni mtoto wa nani?"

Hapo ndipo Mbinya alipopiga magoti na kuanza kuokota vipande vya sahani. Hakuweza kufanya kingine. Hakuthubutu kuinua macho. Aliokota kipande, akakiweka kiganjani, akaokota kingine, akingoja. Kisha akasikia sauti ya mumewe, haijapanda wala kushuka.

"Ukivuka mlango huu, Mbinya, usirudi."

Hakumwita Mama Kavindu. Alimwita kwa jina, mbele za watu, mbele ya watoto wa watu wenye kamera. Kisha viatu vyake vikapita karibu na mkono wake, vikashuka ngazi. Tiffany alikuwa amesahau kusema kata.

*

Wiki zilizofuata, Kiema hakumpiga, hakumtukana, hakuuliza kitu. Angeuliza, Mbinya angejibu, yangeisha. Alikula akashukuru. Alitoka asubuhi na kisu na nyundo, akarudi jioni. Kwa Kavindu alikuwa na maneno tele. Kwa mkewe alikuwa na "hapana" na "iko sawa". Kochi lilibaki vile vile, limepasuka, mahameli yakining'inia, na hakuna aliyeligusa. Ukuta ulibaki na chai yake. Walikuwa wamerudi kule kule walikotoka, na wakati huu pesa za filamu zilikuwa zimeshafika kwa Irungu na kwa mwalimu mkuu.

Mbinya aliomba msamaha kwa kila njia aliyoijua. Alimpikia chapati za maji zenye mayai. Alimfulia lile koti la kazi ambalo hata maji yanaliogopa. Alimwambia Nakhumicha angoje, na Nakhumicha akangoja mara moja, akangoja mara mbili, mara ya tatu akasema nafasi yake itapewa mwingine asiposikia neno kufikia Jumatatu. Mbinya alikwisha kata shauri. Hataenda. Mwanamume amesema usirudi, na mtu haachi nyumba ambayo hawezi kuirudia, hata kama nyumba yenyewe ni ya Irungu.

Tiffany alirudi mara moja kuomba ruhusa. Alisema kile kisa cha wanawake wawili kuingia ndicho kitu bora kilichonaswa katika filamu yote, na kwamba asipokitumia atalia. Lakini hataki kuwaaibisha watu. Teresiah alikubali kabla swali halijaisha, akauliza tu kama kilemba chake kilionekana vizuri. Ruqiyo alisema hajali, ila duka litajwe. Kiema alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Weka," akasema. "Mimi sina la kuficha."

Mbinya akasema kama mwenye nyumba amekubali, yeye ni nani?

*

Filamu ilionyeshwa Jumapili, baada ya misa, katika ukumbi wa kanisa, kwa sababu Tiffany alitaka watu wa mtaa waione kwanza kabla ya watu wa mjini. Ukutani walitundika shuka ya Teresiah, na Teresiah alihakikisha kila mtu amejua shuka ni ya nani. Ploti nzima ilikuja. Irungu alikaa mstari wa mbele na kofia yake, na picha ya kwanza ya sebule ilipotokea aliuliza kwa sauti ni nani aliyemharibia ukuta. Watu wakacheka. Kiema alikuja amechelewa akakaa upande wa pili wa Kavindu, mtoto katikati yao kama mpaka wa shamba.

Filamu ilikuwa nzuri, Mbinya aliona, ingawa watu walicheka mahali ambapo Tiffany alikuwa amekusudia walie. Shiku aliposema "mwanamume wa jina tu", akina mama wa nyuma walipiga makofi. Sahani zilivunjika, mtu akaziombea. Kisha mlango ukafunguka kwenye shuka, na Teresiah akaingia na rozari yake, mkubwa kama kanisa, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Teresiah mwenyewe alisimama kidogo ili waliokuwa nyuma wamwone.

"Doha si kaburi," akasema yule wa kwenye shuka.

Kamera ikahama polepole, ikimfuata anayeambiwa, ikatua juu ya Kiema.

Mbinya hakuwa ameuona uso huo. Wakati ule alikuwa sakafuni na vipande vya sahani. Sasa ulikuwa mbele yake, mkubwa kuliko mlango, na hakuna mahali pengine pa kutazama. Ruqiyo alikuwa akisema miaka miwili tu, kazi ni ya jikoni, pasipoti tayari, na kwenye shuka mabega ya Kiema yakashuka. Yalishuka kabisa, kama ya hamali aliyesaidiwa kutua gunia. Akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu, akaishusha, na pembeni mwa mdomo wake kukapita kitu ambacho Mbinya alikuwa amekiona mara chache: siku Kavindu alipozaliwa, na siku kochi lilipokamilika. Kilikuwa faraja. Mume wake alikuwa amefarijika.

Halafu macho yakafunguka yakaona watu. Taya ikakaza. Paji likakunjamana, shingo ikanyooka, na hasira ikapandishwa usoni taratibu kama mtu anavyovaa koti lililombana. "Ukivuka mlango huu, Mbinya, usirudi."

Mwanamke mmoja akafyonza. Wengi waliona hasira tu, kwa sababu ndiyo iliyosemwa kwa maneno, na filamu ikaendelea na mambo yake. Mbinya hakuona kilichofuata. Kwanza aliumia, tena sana, kwa sababu hakuna mwanamke anayependa kuona mumewe akipumua hivyo kwa habari ya kuondoka kwake. Kisha akakasirika. Wiki zote zile! Mayai yote yale! Amemwomba msamaha mtu aliyekuwa akijua moyoni mwake kwamba hakuna wa kusamehewa. Na mwisho kabisa, pale pale kanisani, kicheko kikamshika, akakizima kwa leso mpaka Kavindu akamuuliza kama anaumwa.

*

Walirudi kwa miguu, jua bado liko juu, Kavindu akitangulia na wenzake wakigombania nani awe Shiku.

"Umeigiza vizuri," Mbinya akasema.

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza isiyo ya toba kwa siku nyingi, na Kiema alishtuka. Alisema hakuigiza, alikuwa amesimama tu.

"Muriuki alilipwa bure. Ningekuwa mimi Tiffany, ningekupa wewe kazi." Akatembea hatua kadhaa. "Nimekuona, Baba Kavi. Kabla ya kukasirika."

Kiema akatazama upande wa pili wa barabara kana kwamba kuna mtu amemwita. Hakukuwa na mtu.

"Ulitaka niende."

"Sikutaka."

"Ulitaka niende, na ulitaka iseme ploti nzima kwamba ulinikataza. Niende kwa dhambi yangu mwenyewe. Nikipata shida huko, ulisema. Nikileta pesa, utakula."

Alidhani atakasirika, na alikuwa tayari. Angalau wangekuwa wamegombana wenyewe, bila kukodi watu. Lakini Kiema alitembea mpaka wakafika kwenye ngazi za ploti, akaketi kwenye ngazi ya chini, mbele ya duka la Ruqiyo, na suti yake ya Jumapili. Alionekana mzee.

"Nilipumua," akasema. "Mara moja tu. Nikaona Kavindu anasoma. Nikaona siamki tena na kuwaza nimwambie nini Irungu. Halafu nikajiuliza, ni mwanamume gani huyu anayepumua mkewe akitaka kwenda? Nikaona haya, Mama Kavi. Na haya siijui kuibeba. Hasira naijua."

Mbinya alitaka kumwonea huruma, na alimwonea, lakini hakumwonyesha mapema.

"Kesho nampigia Nakhumicha," akasema. "Nitaenda nikiwa nimeambiwa, au nitakaa nikiwa nimeambiwa. Sitaenda kama mwizi, na sitakaa nikipikia mtu mayai ya toba. Sema moja. Na uliseme na uso ule wa kwanza."

Kiema alijipangusa paji la uso. Alitazama juu, alitazama viatu vyake. Ruqiyo, ndani ya duka, aliacha kupima unga ili asikie vizuri.

"Nenda," Kiema akasema. Ilitoka ndogo, akailazimisha tena. "Nenda, Mbinya. Na urudi."

Alilia kidogo, bila ufundi, pua ikishiriki. Mbinya aliketi kando yake wakazibana ngazi, na watu waliokuwa wakitoka kanisani wakawapita kwa kujipinda, wakijifanya hawaoni.

"Begi liko wapi?" Kiema akauliza alipomaliza.

"Kwa Mama Hodo. Nyuma ya sukari. Lakini zipu imekufa."

"Lilete."

Ruqiyo alikuwa ameshalitoa. Kiema alilibeba ghorofani, akalikagua chini ya dirisha, akamlaani fundi aliyelishona, na ukoo wake, na shule iliyompa cheti kama kuna shule. Kisha akakaa juu ya kochi lake lililopasuka, akavuta mto mmoja wa mahameli, akachomoa ile zipu mpya aliyoitia kwa mikono yake, akaishona kwenye begi mshono kwa mshono. Mbinya alimtazama kutoka jikoni. Alipomaliza aliijaribu, akaifungua, akaifunga. Akasema bado inakwama kidogo. Akaifungua tena, akaifunga, akaipaka nta ya mshumaa, akaifungua, na Mbinya, aliyeona kutoka pale aliposimama kwamba zipu haikuwa ikikwama hata kidogo, akamwacha aendelee kuitengeneza.